Uzi: Sprinkla zilipangwa kwa kahawa, sasa godauni limejaa magodoro

Bomba Nyeusi (Moshi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi bomba. Kwa miaka ya karibuni nimejikita zaidi kwenye mifumo ya kuzimia moto, Moshi na Arusha. Wiki iliyopita niliitwa kwenye godauni moja hapa Moshi, upande wa reli. Mwenye jengo alikuwa na shida ndogo tu: nibadilishe geji iliyopasuka, niangalie sprinkla (vile vichwa vya darini vinavyomwaga maji moto ukitokea), halafu nimwandikie barua kwamba ziko sawa, maana bima yake inaisha mwisho wa mwezi.

Jengo ni la zamani, lilijengwa kwa ajili ya kahawa. Kuta nene, paa la bati lenye mteremko mkali, na juu mabomba yamenyooka kuliko kazi nyingi ninazoziona siku hizi. Nikaegemeza ngazi, nikapanda, nikafuta vumbi kwa kidole gumba. Kichwa cha sprinkla huwa kimegongwa mwaka wa kutengenezwa. Hiki kilisomeka 1968.

Umri haukunishtua sana. Kilichonishtua ni kwamba nilipogeuza shingo nilikuwa nimetazamana na godoro. Magodoro ya sponji, yamevishwa nailoni, yamepandishwa mpaka mkono mmoja ukishika bomba wa pili unayagusa. Upande wa pili viti vya plastiki vimechomekwa kimoja ndani ya kingine, ndoo, madiaba. Gunia hakuna hata moja la dawa.

Nikashuka nikamwambia, "Mzee, sprinkla zako hazina ubaya, ila si za mzigo huu." Akacheka. "Fundi, maji si ni maji?"

Nimeshindwa kulala na hilo swali. Naombeni nilijibu hapa kwa kirefu, na aliyewahi kukutana na hali kama hii aseme alimalizaje na mwenye jengo.

Bomba Nyeusi

Naendelea.

Watu wamehangaika na hii kitu muda mrefu. Mwaka 1723 mkemia mmoja wa London, Ambrose Godfrey, alibuni pipa la maji lenye baruti ndani: moto ukifika kwenye utambi, pipa linalipuka na kumwaga maji. (Sijui nani alikubali kulala chumba kimoja na hilo pipa.) Karne ya 19 viwanda vya nguo vya Massachusetts vikaja na bomba lenye matundu chini ya dari, valvu ikiwa sehemu salama. Moto ukitokea, mtu anakimbia kuifungua, na maji yanamwagika ukumbi mzima, penye moto na pasipo moto.

Mwaka 1874 Henry Parmelee, mwenye kiwanda cha piano New Haven, Connecticut, akapata hataza ya kichwa kinachofunguka chenyewe. Kifuniko kimelehemiwa kwa madini laini. Joto likiyayeyusha, kifuniko kinatoka, na maji yanatoka hapo tu. Tatizo lake, maji yalikuwa yamegusana na sehemu iliyolehemiwa, kwa hiyo yenyewe yanaipoza wakati moto unaihangaikia. Frederick Grinnell wa Providence, aliyekuwa akimtengenezea Parmelee vichwa hivyo, mwaka 1881 akaja na chake, ile sehemu ya kuyeyuka ikiwa imetengwa na maji. Hapo kasi ikapatikana.

Kila kampuni ya bima na kila mji ukaanza kuandika kanuni zake. Inasemwa kuzunguka Boston, ndani ya maili 100, kulikuwa na kanuni tisa zisizofanana za ukubwa wa mabomba na umbali wa vichwa. Fundi mwenzangu wa enzi hizo namhurumia. Mwaka 1896 wakaunda NFPA, chama cha Marekani cha kanuni za kuzuia moto, kumaliza ile vurugu, na kanuni ya sprinkla ndiyo iliyowaleta mezani.

Sasa hapa ndipo uzi wangu ulipo. Miaka yote hiyo kilichokuwa kinaogopwa ni JENGO. Sakafu ya mbao, dari ya mbao, nguzo za mbao. Ndiyo maana vichwa vya zamani vilirusha karibu nusu ya maji juu, kulowesha dari, na nusu iliyobaki chini. Hata hivi vya 1968 pale Moshi ni vya namna hiyo, Ulaya waliendelea navyo muda mrefu. Wamarekani walibadili mwaka 1953: sahani ya kichwa ikatengenezwa upya ili maji yote yashuke chini kama mwavuli. Walipima wakaona moto ukikabwa chini, dari inajilinda yenyewe.

Halafu likaja fokolifti. Mzigo uliokuwa unabebwa mgongoni mwa kuli ukaanza kupandishwa mita 6, mita 9. Na plastiki nayo ikaja. Kilo moja ya mbao ikiungua inatoa joto la megajuli 16 hadi 18 hivi. Gunia la katani na lenyewe liko huko huko. Kilo moja ya plastiki ya ndoo inatoa zaidi ya 40. Jengo ni lile lile, mabomba yale yale, lakini ndani umeweka kitu chenye joto zaidi ya mara mbili, na umekipanga wima kama bomba la moshi.

Mangi wa Double Road

Mkuu shusha nondo, nipo hapa na chai yangu. Swali la kijinga lakini: kwenye sinema jambazi anawasha kiberiti chini ya sprinkla moja, jengo zima linanyesha. Kwa hiyo mtu akichoma mahindi stoo tunaogelea wote?

Bomba Nyeusi

Hapana mangi, hiyo ni ya sinema. Kila kichwa kinajitegemea. Kina kichupa cha kioo chenye kimiminika, chekundu kinapasuka kwenye nyuzi 68, cha kijani 93, cha buluu 141. Kinachopasuka ni kile kilichopata joto. Moto mdogo unaweza kumalizwa na kichwa kimoja au viwili, vingine vikabaki vimekauka. Ipo mifumo ya vichwa vilivyo wazi ambayo yote hutoka kwa pamoja, lakini hiyo ni ya sehemu kama transfoma kubwa za umeme, huwezi kuikuta stoo ya mahindi.

Mapokezi Sakina

Nathibitisha kuhusu nyuzi 68, ila kioo hakijui tofauti ya moto na hanga. Hoteli niliyokuwa nafanya kazi Arusha, mgeni katoka mlimani na nguo mbichi, akaona kile kidude ukutani juu ya kitanda kama ndoano. Kaning'iniza koti zito la baridi. Kikapasuka. Maji meusi, yananuka chuma, mpaka tumepata mtu wa kufunga valvu zulia la korido nzima limekwisha. Bosi akaja juu kwa mgeni, mgeni akauliza kwa nini hakukuandikwa chochote. Siku ya pili tukabandika vikaratasi vyumba vyote.

Mtata Unga Ltd

Ngoja niwe mbishi. Haya mambo ni ya nchi ambazo maji yanatoka bombani saa 24. Huku kwetu maji ni ya mgao, umeme unakatika, wewe unatuletea habari za Boston. Mimi naona mitungi ya kuzimia moto na mlinzi aliye macho vinatosha. Moto ukizidi piga 114.

Bomba Nyeusi

Mtata, umegusa penyewe. Sprinkla haitegemei bomba la mtaani. Inategemea tangi lako na pampu yako. Na hapo ndipo "maji si ni maji" inapokufa, tupige hesabu.

Maji yanayotoka kwenye kichwa kwa dakika ni namba ya kichwa (K) mara kipeuo cha pili cha presha. Kichwa cha kawaida ni K80: kwenye presha ya baa 1 kinatoa lita 80 kwa dakika. Kwa biashara ya kawaida, kanuni ya Ulaya inataka mvua ya milimita 5 kwa dakika juu ya eneo la mita za mraba 216. Yaani lita 1,080 kwa dakika. Kwa saa moja ni lita 64,800, karibu simtanki saba za lita 10,000. Jengo la kahawa lilikuwa na uwezo wa namna hiyo, lina tangi la chuma kwenye mnara nje, halihitaji umeme hata kidogo.

Milimita 5 kwa dakika si mchezo. Masika ya Kilimanjaro tunayoyalalamikia kwa kawaida hayafiki hapo.

Lakini Wamarekani waliona hata hiyo haifui dafu kwenye mzigo wa juu wa plastiki. Juni 1982 bohari la Kmart, kampuni ya maduka makubwa, lililoko Falls Township, Pennsylvania, liliungua likiwa na sprinkla. Jengo la zaidi ya mita za mraba 100,000. Mikebe ya dawa za kupuliza ilipasuka na kuruka kama fataki ikivuka kuta za kuzuia moto, ikawasha upande wa pili. Vichwa vikafunguka vingi kuliko maji yaliyokuwepo, presha ikaanguka, basi.

Tatizo lenyewe ni rahisi kulielewa ukishawahi kukaa karibu na moto wa kupikia mbege. Tupa maji kiganja kimoja kwenye moto mkubwa, yanageuka mvuke kabla hayajagusa kuni. Matone madogo yanasukumwa juu na hewa ya moto. Kwa hiyo wakafanya mambo mawili: matone makubwa na mazito yanayoweza kupenya, na kichupa au kiungo chembamba kinachohisi joto mapema, moto ukiwa bado mchanga. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kikatoka kichwa kinachoitwa ESFR. Vya zamani kazi yao ilikuwa kuuzuia moto usitanuke mpaka zimamoto wafike. Hiki kazi yake ni kuua moto pale pale.

Cha kwanza kilikuwa K200, kwa mzigo hadi mita 7.6 chini ya paa la mita 9.1. Kwenye presha ya baa 3.5 kinatoa lita 374 kwa dakika, na unapiga hesabu ya vichwa 12 kwa pamoja. Ni lita 4,490 hivi. Kila kimoja kinalinda mita za mraba 9 tu, kwa hiyo ni mvua ya milimita 42 hivi kwa dakika. Mara nane ya ile ya kwanza. Saa moja ni simtanki 27, hujaweka maji ya mipira ya zimamoto.

Ndiyo jibu la mzee wangu. Maji ni maji, ila hayo ya mnara ni ya magunia.

Kuhusu mlinzi aliye macho sina neno, mimi ni Mpare, najua thamani ya kitu cha bure.

Mama Stoo Themi

Kaka nimesoma yote mpaka macho yanauma. Mimi natunza stoo Themi. Kwetu kuna mstari mwekundu umepigwa ukutani, mzigo usivuke, na nilipoanza kazi niliambiwa ni wa kuhesabia safu. Kumbe ni wa sprinkla! Msimu wa sikukuu bosi anasema "panda tu, panda tu," mpaka vijana wanatembea juu ya katoni wakiwa wameinama wasigonge mabomba. Nikisema neno naambiwa mimi ni mwoga. Huo mstari unatakiwa uwe umbali gani?

Bomba Nyeusi

Dada, kichwa cha kawaida kinataka nafasi wazi ya sentimita 46 kutoka kwenye sahani yake hadi juu ya mzigo. ESFR inataka sentimita 91. Bila nafasi hiyo mwavuli haufunguki, maji yanalowesha katoni mbili za juu na moto unapita chini yake. Tazama na juu pia: kama fundi rangi alipita na brashi, kichwa chenye rangi hakisafishwi, kinatolewa na kutupwa. Hicho nakikuta kila mwezi.

Gunia la Sitini (mstaafu)

Wanangu, nimeonyeshwa huu uzi na mjukuu wangu. Nilikuwa karani wa ghala la kahawa miaka mingi, hapo hapo Moshi.

Fundi amesema kweli lakini hajasema yote. Kahawa haikupangwa ovyo. Gunia ni kilo 60, tunapanga juu ya mbao, tunaacha vichochoro mtu apite na taa aangalie, na hakuna gunia kugusa ukuta. Kahawa ikishika moto haiwaki kwa hasira, inafuka, utaisikia harufu kabla ya kuona moto. Unayo nafasi ya kufanya kitu.

Na sprinkla zilikuwa zinajaribiwa. Ukutani nje kulikuwa na kengele inayozungushwa na maji yenyewe, haina umeme. Fundi akifungua maji ya majaribio, ile kengele inalia mtaa mzima unajua leo ni siku ya majaribio. Ndani, karibu na valvu kubwa, kulikuwa na kibati kimeandikwa namba mbili za presha, kwa ratili (psi): moja maji yakiwa yametulia, ya pili yakifunguliwa. Ukija na namba zako unalinganisha. Kitafute hicho kibati, fundi, kabla hujaandika barua ya mtu.

Bomba Nyeusi

Shikamoo mzee wangu. Nimekusikia. Kesho narudi pale.

Msingi Imara

Mimi ni mkandarasi mdogo, Arusha. Kuna mteja anataka kujenga godauni Kisongo, na kasikia hiyo ESFR, anasema "weka hiyo hiyo tuepuke kupitisha mabomba ya sprinkla kwenye mashelfu." Paa amechora lenye mteremko mkali maji yakimbie. Kuna shida?

Bomba Nyeusi

Ipo, tena itamgharimu akishapaua. ESFR haitaki paa linalopanda zaidi ya sentimita 17 hivi kwa kila mita 1. Paa likiwa kali zaidi, joto linakimbilia kwenye kilele, vinafunguka vichwa vya mbali, na juu ya moto penyewe kumekauka. Hata boriti au taa iliyokaa vibaya chini ya kichwa inaharibu mwavuli. Kwa hiyo mchoro wa paa na mchoro wa sprinkla vikae meza moja kabla ya msumari wa kwanza. Wengi wanamleta mtu wa sprinkla mwisho, naye anakuta kila kitu kimeshamkalia vibaya.

La pili ni pampu ya dizeli. Lazima uwe nayo, maana moto wenyewe mara nyingi ndio unaokata umeme. Ila Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa nyepesi, injini haipumui vizuri. Kanuni ya pampu inataka ukate asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 305 kuanzia mita 91. Piga hesabu, umepoteza karibu asilimia 13. Injini iliyotosha Dar haitoshi Kisongo. Moshi hasara yake ni zaidi kidogo ya nusu ya hiyo. Nimeona pampu imeletwa na karatasi za kiwandani nzuri kabisa, imefungwa Arusha, inapiga moshi mweusi na presha haifiki. Muuzaji akasema dizeli yetu ndiyo mbaya.

Na muulize anaweka nini ndani. Si leo tu, na mpangaji wa miaka mitano ijayo. Mpaka mwaka 1999 Wamarekani walikuwa na vitabu tofauti vya kanuni, kimoja cha sprinkla na vingine vya mizigo ya maghalani, ndipo wakaviunganisha, kwa sababu huwezi kutaja kichwa bila kutaja mzigo. Sponji iliyo wazi bila katoni ni kundi gumu kuliko yote. Hata ESFR huifungi kiholela kwa magodoro.

Mtata Unga Ltd

Sawa mkuu, simtanki 27 zimeninyamazisha. Lakini nani ana hela hiyo?

Bomba Nyeusi

Asiye na hela hiyo ashushe mzigo. Ni bure.

Bomba Nyeusi (mrejesho, siku nne baadaye)

Wakuu, mzee Gunia la Sitini apewe heshima yake.

Kibati kipo. Kilikuwa nyuma ya safu ya madiaba, kimepakwa rangi ya ukuta. Nimekwangua kwa kisu taratibu: 28, na chini yake 21. Ratili. Mnara wa tangi una kama mita 20, na mita 10 za maji ni karibu ratili 14, kwa hiyo ile 28 inaingia akilini.

Nikafunga geji mpya. Maji yametulia, sindano inasimama 28. Mwenye jengo akanipiga bega, "Si nilikwambia?" Nikafungua valvu ya majaribio mpaka mwisho. Yakatoka maji meusi kama kahawa yenyewe, na sindano ikaanguka mpaka 6. Hapo maana yake njiani kuna kitu kimebana.

Tukaanza kutafuta valvu ya chini. Mchoro haupo. Kijana wa stoo ndiye aliyekumbuka kuna mfuniko wa chuma sakafuni, "pale kwenye magodoro ya futi sita." Tumehamisha magodoro asubuhi nzima. Chini ya mfuniko kuna shimo, valvu, na waya umezungushwa kwenye gurudumu. Mtu aliwahi kufunga maji kwa matengenezo, akarudisha nusu, akafunga na waya ili isichezewe. Lini, hakuna anayejua. Miaka yote mtu wa bima amekuwa akija, anatazama juu, anaweka alama kwenye fomu kwamba sprinkla zipo.

Tukapaka grisi, tukaizungusha kidogo kidogo kwa spana ndefu, raundi 11. Tukajaribu tena: 28, ikishuka inasimama 20. Ile kengele ya nje nayo, baada ya kutoa kiota cha ndege, ililia. Mama mmoja anayeuza ndizi ng'ambo ya barabara alikuja kuuliza kuna nini.

Barua nimeandika, ila si ile aliyoitaka. Nimeandika kwamba maji yapo na presha ipo. Kwamba vichwa vya 1968 vimepita miaka 50, inabidi vichache vitolewe vikapimwe au vibadilishwe vyote. Na kwamba mfumo unafaa mizigo ya magunia iliyopangwa kwa vichochoro, haufai sponji wala plastiki kwa urefu uliopo. Mpangaji wa magodoro kasikia neno "haufai" kasema anatafuta sehemu nyingine. Mzee kanipigia simu jioni: "Fundi, nilikuita kubadilisha geji, umenifukuzia mpangaji."

Mama Stoo Themi

Pole kaka. Na hela yako je?

Bomba Nyeusi

Dada, hata ya geji bado.